Sarafu Moja Mkononi, Moja Tumboni

Baraza letu hapa Mleiha, kijiji cha jangwani, liko nje ya nyumba ya baba mkwe, yeye na wazee wenzake wawili hukaa pale tangu alasiri na birika lao la kahawa, wala hakuna anayetikisa kikombe kusema yatosha. Mimi nikaja mbio, pekupeku, mwanangu Ghaya kiunoni, nikayasema yote kwa pumzi moja: mvua imefukua sarafu mbili za fedha mchangani, nimempa mtoto achezee, jamani, imebaki moja, nyingine kaimeza, nipelekeni hospitali! Wakainuka wote watatu. Kisha mmoja wao, tunayemwita Profesa kwa kuwa aliwahi kulinda makumbusho miezi minne, akaiona ile iliyobaki.

— Ngojeni. Hii ya Iskandari, mfalme wa Wagiriki!

— Iskandari hakufika hapa, akasema baba mkwe, akikaa tena.

— Ndiyo maana ni ya kuiga. Wazee wetu waliiga zake. Miaka elfu mbili na ushei!

— Kuiga nini? Kozi, mzee wa tatu, akaipokonya; anafuga kozi, ndege wa kuwindia, ndiko alikopata jina. — Tazama, kakaa kitini, ndege mkononi. Huyu mwindaji wa kwetu. Tena ndege kamshika vibaya.

— Na upande huu, kichwa chenye ngozi ya simba? akauliza Profesa.

— Simba gani? Bibi yangu huyo, na burka yake ya usoni, akasema Kozi.

— Ami, mtoto! nikamlilia baba mkwe.

— Mwanangu, mvumilivu hula mbivu, akanijibu.

— Ameshakula, Ami, ndiyo balaa lenyewe!

— Basi Wagiriki ndio waliotuiga sisi, akaamua, akiwageukia wenzake. — Wivu tu.

Na mimi, mwenye cheti cha sekondari, machozi yakinitiririka, nikainama nikachungulia.

— Lakini burka haina masikio. Hii ina sikio la simba.

— Umeona! Profesa akashangilia, akanimiminia kahawa. Nikaipokea.

Ndipo Wadima, jirani anayeendesha basi la shule, akasimamisha basi, akashuka, akasikiliza kidogo tu.

— Kameza saa ngapi?

Profesa akatazama saa yake. Kozi akamtazama Profesa.

— Mama mtu, nakuuliza wewe. Daktari ataanza na hilo.

— Ilikuwa... kabla ya burka, nikasema. — Hapana. Kabla ya ndege.

Wadima akamtoa mtoto kiunoni mwangu, akapanda naye basi. Nikamfuata mbio, kikombe bado mkononi.