Shangazi na Miwani Iliyoshonewa Ndani ya Pamba

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja, Shangazi wa cherehani ya dirishani anastaafu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu cherehani yangu imepakana na yake. Aliyeniomba alitegemea niandike mambo matamu matupu. Pole yake.

Shangazi aliajiriwa kukata vitambaa, akahamia kwenye mashuka, kisha akapewa kazi aliyoipenda kuliko zote: kushona mifarishi, yale matandiko mazito yenye pamba katikati ya vitambaa viwili. Wateja walikuwa wakimuulizia yeye tu. Karibu nusu yetu alitufundisha yeye, na nusu hiyo imefumua kazi kwa amri yake mpaka vidole vikaota sugu.

Miaka ya karibuni macho yalianza kumtupa mkono. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa yeye. Alilaumu uzi, eti siku hizi unatengenezwa mwembamba mno. Alilaumu sindano, eti matundu yamezibwa kiwandani. Zaidi ya yote alizilaumu taa za dari, akidai zinaumulika mshono mpaka unapotea, hasa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Alimwandama fundi umeme mpaka akazizima upande wetu. Tangu siku hiyo safu nzima tunashona gizani kama wezi, kila mmoja na taa yake ya mezani, kwa ajili ya mtu mmoja asiyetaka kuvaa miwani.

Na miwani alikuwa nayo. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimpeleka kupimwa macho akamnunulia. Shangazi aliivaa njiani kurudi nyumbani, basi. Kazini aliiweka popote mkono ulipofika, na kila asubuhi tulisimamisha kazi kuitafuta. Tulimsihi, tukamtania, tukamnunia. Alitia pamba masikioni, na pamba humu haiadimiki.

Mwaka jana miwani ikapotea kabisa. Tulipekua hadi pipa la vipande vya vitambaa. Siku mbili tatu baadaye, mkaguzi alikuwa akipapasa mfarishi mweupe wa bibi harusi mmoja, akakuta uvimbe. Shangazi alikuwa ameiacha miwani juu ya pamba, akalaza kitambaa cha juu, akashona. Alipofika penye uvimbe alidhani pamba imejikunja, akauzungushia mshono wa duara ili utulie. Niseme haki, duara lenyewe lilikuwa safi.

Sisi tulicheka, msimamizi hakucheka. Alikata kauli kwamba Shangazi ahamie meza ya kufungasha mpaka siku ya kustaafu. Sijawahi kumwona mama huyu akimbembeleza mtu, lakini siku hiyo alimfuata msimamizi mpaka mlangoni.

"Mwanangu, nitoke humu nikiwa nimekaa kwenye cherehani," alimwambia. "Usinitoe nikiwa kwenye maboksi."

Msimamizi akampa nafasi moja: aushone upya mfarishi uleule, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Mshono ukienda upogo, anahama.

Miwani ikafumuliwa, ikafutwa, na hatimaye ikakaa puani mwake. Kisha akaiinamisha taa yake upande wa kushoto, chini kabisa, karibu iguse kitambaa, ili kila mshono uwe na kivuli chake. Mmoja wetu alijaribu kuwasha taa za dari, Shangazi akamtolea jicho, naye akazizima upesi. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa na hasira naye, maana haya yote angeyaepuka mapema, na hapohapo nilikuwa naomba mkono wake usiteleze. Haukuteleza. Msimamizi aliugeuza mfarishi mbele na nyuma, akaukunja, akamwambia Shangazi akae palepale.

Ungedhani tulipumzika. Wapi! Tangu aanze kuona, Shangazi anaona kila kitu, na mishono yetu imo. Mchana uleule alinirudishia kazi yangu niifumue, wengine wakafuata foleni. Tulimwomba miaka yote avae miwani, na sasa wapo wanaotamani kuirudisha ndani ya pamba.

Shangazi, asante. Umetuchosha kupita kiasi, na mimi binafsi sijui Jumatatu nitagombana na nani. Nenda salama kwa binti yako na wajukuu, ukawe na afya na furaha, na hiyo miwani ikae usoni. Cherehani yako tutaifunika siku hiyo jioni, hakuna atakayeigusa kabla hujaaga.

Fundi umeme ameshaniuliza kama, ukiondoka, azirudishe taa za dari upande wetu. Nimemwambia aziache zilivyo. Zinaupoteza mshono.