Kiti cha Jikoni Chaenda Barafuni

Krrr! Krrr! Mkwaruzo ulipanda ngazi za basi kabla ya mtu kuonekana. Kikatokea kiti cha jikoni, na nyuma yake mwanamke mzima akicheka peke yake. Mzee Wiebe, ambaye hajawahi kunyamaza ndani ya basi lolote la Friesland, jimbo la Uholanzi, akamsogezea nafasi.

"Binti, kiti cha kusukuma barafuni ni cha watoto wanaojifunza kuteleza!"

"Nami najifunza upya, mzee wangu. Mwaka juzi barafu ya mfereji ilipasuka ikanimeza. Tangu siku ile, hata barafu ikigonga glasi nilikuwa natetemeka."

"Na nani kakuponya?"

"Mwanasaikolojia. Aliniambia nikumbuke nilivyozama, huku macho yangu yakifuata kidole chake, kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni nililia sana. Kumbukumbu bado ipo, ila imeng'oka meno."

Wiebe akaangua kicheko. "Kidole! Mbwa wangu naye hufuata kidole changu, na bado anaogopa radi!"

"Mbwa wako anawaza soseji, hawazi radi!"

Basi zima likacheka. Wiebe, apendaye kuchekesha kuliko kuchekwa, akajitia kufuta kioo cha dirisha hadi basi liliposimama kando ya mfereji. Chini alingoja Tjitske, dada wa yule mwanamke, mikono ameinyoosha kama anayepokea yai.

"Tjitske, mikono mfukoni!" mwanamke akapaza sauti, akishusha kiti. "Kwenda nitakisukuma. Kurudi, nakuahidi, narudi nikiteleza bila kiti!"