Nyangumi Mwenye Miguu

Treni ilikuwa imekwishaondoka kituo cha Donholm Nasambu alipokunjua mchoro wake: nyangumi wa kale mwenye vimiguu viwili nyuma. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita aurarue mbele yao, la sivyo anyang'anywe darasa la watoto alilofundisha sande skul; walisema unapinga uumbaji.

"Mama, huyo samaki anaenda wapi na miguu?" akauliza abiria wa kando, Kweyu, fundi wa mifereji asiyejua kunyamaza.

"Si samaki, mzee. Mababu zake walitembea nchi kavu. Mifupa ya miguu hiyo ilichimbwa jangwani Misri. Sasa wazee wa kanisa wanataka niurarue mchoro huu."

"Omba msamaha, yaishe. Mfupa hautakuzika, kanisa ndilo litakuzika."

"Watoto waliniuliza nyangumi alitoka wapi. Niwadanganye ndipo nizikwe vizuri?"

Treni ikasimama Makadara, Kweyu akashuka akitikisa kichwa. Mbele ya wazee Nasambu hakuurarua mchoro, darasa likapewa mwingine. Watoto wanne humfuata nyumbani kwake mtaa wa Umoja kila Jumamosi wajifunze. Wengine walikatazwa na wazazi.