Dinah Wakesho na Chupa ya Uji

Wapendwa mliokuja kutufariji, mlioomba ruhusa kazini na mliopanda mabasi mawili kwenye mvua hii, familia imenituma mimi Maureen, wifi yake, niwasomee maisha ya Dinah Wakesho Mwadime, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda historia za kupakwa sukari, nitaisoma ilivyokuwa, pamoja na ile kesi.

Dinah alizaliwa tarehe 9 Juni 1966 huko Werugha, Taita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mnjala na marehemu Mama Mkawasi. Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Voi mwaka 1984, na walimu wake waliandika kwamba ni mwerevu ila anabishana, maneno ambayo sisi tuliomjua hatuna la kuyapinga. Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa msaidizi wa wauguzi Mombasa, ndiko alikokutana na kaka yangu James, wakafunga ndoa kanisani Voi tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, Tony mwaka 1993 na Mghoi mwaka 1998.

Familia ilihamia hapa Tottenham mwaka 2001, na Dinah akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja huko Kenton, akawa anavuka jiji kila alfajiri kwa treni ya Victoria line kisha ya Bakerloo. Wengi wa wazee wale walikuwa Wahindi waliozaliwa Nakuru na Kisumu, naye akiwaamkia kwa Kiswahili walimjibu kwa Kiswahili walichodhani wamekisahau, wakawa hawataki kulishwa na mwingine.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 2014, Ajay, mwana wa Bi Pushpa, mmoja wa wazee hao, alikuja kumtoa mama yake matembezi, mama akakataa kuvaa koti, na Ajay, ambaye duka lake na mama mgonjwa vilikuwa vimemchosha, akamshika mkono akamvuta mpaka mama akapiga ukelele. Hasira hasara. Dinah aliingia kati akamsukuma, mara moja tu, Ajay akajikwaa kwenye kiti, akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika, polisi wakaitwa, na aliyepelekwa kituoni ni Dinah.

Huko akaambiwa kwamba akikubali kosa atapewa onyo tu aende zake, na sisi kwenye simu tukamsihi akubali, heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliyemfumbua macho ni wakili wa zamu, Gurpreet, binti wa familia ya Kisumu, aliyemweleza kwamba onyo hilo ni kukiri, litakaa kwenye rekodi, na hakuna nyumba ya wazee itakayomwajiri tena. Alimweleza pia kwamba kwa sheria ya hapa mtu anaweza kushtakiwa kwa kushambulia hata bila kugusa, akimtisha tu mwenzake, sembuse kumsukuma akavunjika, lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kutumia nguvu za kiasi kujikinga au kumkinga mwingine, na ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Dinah akasema basi hakiri kosa asilotenda. Akashtakiwa kwa kushambulia na kudhuru mwili, akaachiliwa kwa dhamana, sharti lake kubwa likiwa asiwasiliane na Ajay kwa njia yoyote.

Jamani, wengine mnajua alichofanya. Kesho yake, ibada ilipokwisha, alipika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa yake ya chai yenye maua mekundu, akaenda kubisha nyumbani kwa Ajay, juu ya lile duka, kumpa pole, kwa sababu kwetu aliyeumia huendewa, na aliyemwangusha ndiye hutangulia. Mke wa Ajay alipomwona alipiga simu polisi, Dinah akakamatwa mara ya pili, chupa ikabaki kizingitini. Gurpreet alishika kichwa akamwuliza, kwa Kiswahili chake cha dukani, Mama Tony, mimi lisema nini wewe, naye Dinah akajibu kwamba mtu amevunjika mkono, sasa yeye angekaa tu?

Hakimu alimrudishia dhamana kwa ukali, kazini wakamsimamisha, na ikawa wazi kwamba akishindwa hatamshika mzee yeyote mkono tena nchi hii. Mahakamani mwendesha mashtaka aliushikilia uji ule, akasema asiye na hatia hapeleki zawadi. Dinah alijibu akiwa wima kwamba uji ule angeupeleka hata kama Ajay angeteleza mwenyewe kwenye barafu, kwamba mkono ule unamsikitisha lakini kumsukuma hakujutii, kwa kuwa aliamini Bi Pushpa anaumizwa, na angefanya vile vile hata leo. Tarehe 23 Juni 2015 wale wananchi kumi na wawili, ambao huku ndio huamua kesi, walirudi wakasema hana hatia, nami nikapiga kigelegele mpaka askari wa mahakama akanitolea macho, na sikukoma.

Alirudi kazini akiwa kichwa juu, na kila mwaka yeye na Gurpreet waliwafunza watu katika ukumbi wa kanisa hili, kwamba usikiri usilotenda, omba wakili, kituoni ni bure, na ukipewa masharti ya dhamana uyashike, uji uache jikoni.

Mwezi Mei 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Jumapili moja ya Oktoba mlango uligongwa, nikafungua, nikamwona Ajay ana mvi, ameshika chupa yenye maua mekundu. Alisema mama yake, aliyefariki mwaka 2019, alimgombeza mpaka siku yake ya mwisho kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu, na miaka yote hiyo aibu ilimzuia. Chupa ilijaa chai ya tangawizi. Dinah, ambaye chakula kilikuwa kimemshinda, alikunywa nusu kikombe, akamwambia sukari imezidi, kisha wakalia wote wawili, nami nikalia jikoni.

Dinah alilala usingizi wa mwisho Jumanne tarehe 14 Januari 2025, James akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wetu wa ghorofa zote mliopika bila kuombwa, wenzake wa Kenton, na Gurpreet.

Ajay, uliyeketi pale nyuma, sogea mbele. Dinah aliacha neno kwamba anayefiwa huendewa, na kwamba wewe pia umefiwa. Chupa hii hapa, tumeijaza uji wa wimbi, ni zamu yako tena.

Na wewe Wakesho, pumzika, umeshinda, amani ni yako.