Kisanduku Kisichofichika: Maisha ya Bwana Faili

Mbele ya Mungu, ambaye kwake hakuna jambo lifichikalo, tumekusanyika kumrejesha mja aliyeishi miaka yake kumi ya mwisho akikiogopa kilichofichwa. Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bohari ya reli, ambako baba yake alikuwa mpanga mizigo. Tabia ya kupanga aliirithi huko. Alipokuwa na miaka saba alihamishia vitu vyote vya jikoni katika makopo yaliyofanana, akayapanga kwa kimo. Mama yake alihangaika asubuhi nzima, kisha akamwita. "Baba," alimwambia, "umepanga vizuri mno, hata chumvi imepotea." Kauli hiyo ilichekwa nyumbani kwa miaka mingi, mpaka siku ilipoacha kuchekesha.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akasomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka miwili. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Walimu walimsifu kwa hati yake na kwa kutosahau alikoweka kitu.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa katika chumba cha faili cha hospitali, chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu zilizogusa dari. Hapo ndipo alipopewa jina la Bwana Faili, na jina la wazazi likabaki kwenye vyeti. Mwaka 1988 alimwoa muuguzi wa wodi ya wazazi, aliyekuwa akija kudai faili zilizochelewa na kuondoka akiwa amesahau kugomba. Mama huyo amezoea kusema, "Nilidhani nimeolewa, kumbe nimefunguliwa faili." Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Mwaka 2010 makaratasi yalianza kuhamia katika kompyuta. Hospitali ilichukua programu huria, yaani ile isiyofungiwa na mwenyewe: kila mwenye ujuzi huruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine alichokirekebisha. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na tisa. Vijana walimcheka, naye akajifunza hadi wakawa wanafunzi wake. Alichokipenda zaidi ni ukurasa wa mbele wa mgonjwa, ambao uligawanywa visanduku: joto, uzito, dawa, vipimo, na mzio, yaani dawa zinazoudhuru mwili wake. Kila wodi iliweza kuvipanga visanduku hivyo itakavyo, kuvihamisha au kuvificha. Alizunguka wodi baada ya wodi akiwapangia watu kurasa zao, kama fundi apimaye mtu nguo.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2014, daktari wa wodi ya watoto alimwita.

"Bwana Faili, mimi nataka joto, uzito na dawa. Hayo mengine yananizibia."

"Na mzio, daktari?"

"Watoto wangu nawajua mmoja mmoja. Kifiche. Nikikihitaji nitakutafuta."

Marehemu alikificha. Ila alipohifadhi mpangilio ule, badala ya kuchagua wodi ya watoto alichagua wauguzi wote. Ukurasa haukumwuliza neno. Tangu saa ile kisanduku cha mzio kilitoweka machoni pa kila muuguzi katika hospitali nzima, na kwa siku tatu hakuna aliyetambua, kwa kuwa jicho halikioni kisichokuwapo.

Ijumaa aliletwa binti wa miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa fundi cherehani, akiwa na jeraha la mguu. Mapokezini alisema mwenyewe kwamba penisilini humdhuru, na ikaandikwa. Wodini muuguzi aliufungua ukurasa, hakuona onyo, akamchoma sindano. Binti yule hakuifikia jioni.

Kamati ilichunguza, ikaandika kuwa ni hitilafu ya mfumo. Marehemu aliomba maneno yale yafutwe.

"Mfumo hauna kidole," aliwaambia. "Kidole kilichobonyeza ni hiki."

"Mzee, unatafuta nini?" mwenyekiti alimwuliza. "Sisi tumekusitiri."

"Mmenisitiri mimi. Kwa kuficha tena."

Maneno hayakufutwa. Nyumbani mkewe alimliwaza kwamba kuteleza si kuanguka. Alimjibu, "Mimi niliteleza, mke wangu. Aliyeanguka ni mwingine."

Alikwenda peke yake dukani kwa fundi cherehani, akasimama mlangoni, akaeleza yote bila kujipunguzia. Fundi hakuinua macho mpaka alipomaliza mshono wa suruali aliyoishika.

"Umetumwa na hospitali?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe. Nakuomba msamaha."

"Msamaha sina. Na usije ukaniomba tena." Akakata uzi. "Ila kazi usiache. Ukiacha, kiti chako kitakaliwa na mtu ambaye hajaua bado."

Kauli hiyo ndiyo aliyoishi nayo. Kwa mwaka mzima alijenga marekebisho mawili. La kwanza, kisanduku cha mzio hukaa juu kabisa ya kila ukurasa, hakihami wala hakifichiki. La pili, kila abadilishaye mpangilio huonyeshwa kwanza idadi ya watu watakaoguswa, ndipo aruhusiwe kuhifadhi. Aliyapeleka kwa watunzaji wa programu ile, waliotawanyika katika nchi nyingi. Walibishana naye miezi kumi na moja; wengine walisema uhuru wa mtumiaji usiguswe. Aliwaandikia habari ya binti yule, na ya kidole chake. Septemba 2016 waliyakubali, na leo yamo katika hospitali ambazo hakuwahi kuziona.

Hata hivyo hakupata utulivu. Kaka yake mkubwa, aliyeuandika wasifu huu na ambaye umri wake umekwisha katika vitabu vya kale, alimfungulia maandiko yahusuyo rehema. Marehemu alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, hayo ni ya Mungu, nami nayaamini. Mimi nasubiri ya fundi." Kaka yake alivifunga vitabu vyake.

Alistaafu Machi 2021. Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa, na tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa mara ya mwisho, kitanda cha dirishani. Kila asubuhi alimwomba muuguzi ageuze kioo cha kompyuta ili asome.

"Babu, kila siku unasoma kitu kilekile."

"Nawe kisome."

Jumatano, tarehe 29, fundi cherehani aliingia wodini. Mke wa marehemu ndiye aliyempelekea habari ya ugonjwa na ya kisanduku, bila kumwambia mumewe. Fundi alisogea kitandani, akasema, "Nionyeshe." Marehemu alimruhusu muuguzi kuufungua ukurasa wake. Fundi alisoma kwa kidole: hana mzio wa dawa unaojulikana.

"Na hiki hakifutiki?"

"Hakifutiki, mzee," alijibu muuguzi, asiyejua mgonjwa wake ni nani. "Tulijaribu kukisogeza tupate nafasi, kikagoma. Aliyekitengeneza sijui alikuwa mkaidi kiasi gani."

Fundi alimtazama mkaidi yule kitandani. Kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akainama.

"Kifungo chako hiki kingedondoka kesho," alisema. Akakishona, akakata uzi kwa meno, akaenda zake.

"Amekusamehe?" mkewe aliuliza.

"Hakusema. Nawe usimwulize."

Aliaga dunia Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tisa alasiri, mkono ukiwa juu ya kifungo kile.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na kaka mmoja. Fundi cherehani yumo miongoni mwetu leo. Familia inawasihi waombolezaji wasimwulize neno.

Mola ampe ndugu yetu pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kujipa.