Bi Kurwa wa Sokomuhogo, Aliyewataja Wageni Alfajiri

Leo, Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, tumekusanyika hapa makaburini kumzika Apolonia Kurwa Mihambo, ambaye mjini wote walimwita Bi Kurwa. Mwili wake umetoka nyumbani Sokomuhogo moja kwa moja mpaka hapa. Haukupitishwa kanisani. Kwa kuwa wengi mmeuliza kwa nini, maisha yake yatasomwa kama yalivyokuwa, na jibu limo ndani yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 huko Kizimbani, ambako baba yake, Mzee Mihambo, mtu wa Tabora, alikuwa kibarua wa mikarafuu. Walizaliwa pacha. Doto hakumaliza wiki, Kurwa akabaki. Siku aliyozaliwa Kanisa lilikuwa likimkumbuka Mtakatifu Apolonia, shahidi aliyevunjwa meno kwa ajili ya imani, ambaye wenye maumivu ya meno humwomba awaombee. Padri akambatiza kwa jina hilo. Mama yake, Veronika, alipenda kusema kwamba mtoto huyu kapewa mlinzi wa kinywa, basi hatanyamaza.

Alianza shule mwaka 1963 kwa masista hapa mjini. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na masista walimweka mbele kusoma masomo ya misa hata kabla hajaifikia meza ya kusomea. Alisimama juu ya kigoda. Mwaka 1971 mama yake alifariki, akamwachia mdogo wake, Zakaria, mtoto wa miaka mitatu. Marehemu aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano ili amlee. Alimlisha, alimbeba mgongoni, na alimfundisha ishara ya msalaba kwa kumshika mkono, kwa sababu mtoto kila siku alianza na bega la kulia. "Si huko, baba," alikuwa akimwambia. "Kwanza upande wa moyo."

Masista walimfundisha kushona. Mwaka 1976 aliweka cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya Sokomuhogo, na hapo alikaa mpaka Agosti ya mwaka jana. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha Zakaria mpaka akawa mwalimu, na ndiyo pia iliyokuwa mimbari ya marehemu, ingawa yeye mwenyewe asingeipa jina kubwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kutia viraka, kurudishia vifungo na kukaza mapindo. Mtu akileta shati lililochanika naye anakwenda kazini, humkaribisha barazani asubiri. "Mtu ambaye shati lake ninalo mimi," alikuwa akisema, "ataniacha aende wapi?"

Hakumwanza mtu kwa dini. Alimwanza kwa hali. "Nyumbani wazima?" Mgeni akijibu kuwa ni wazima, marehemu humtazama juu ya miwani. "Wazima wote?" Hapo ndipo maneno yanapotoka: mama mgonjwa, mume aliyeondoka, mtoto aliye mbali asiyeandika barua. Alisikiliza huku mguu ukikanyaga. Akimaliza, hukata uzi kwa meno, humpa mtu nguo yake na kumwambia, "Kesho alfajiri nnakwenda misa. Nitakutaja." Na kweli akimtaja. Watu wakiuliza misa ni nini, au yule mwanamke wa kwenye picha iliyobandikwa ubavuni mwa cherehani ni nani, aliwajibu bila haya na bila haraka. Watalii waliokatikiwa na mikoba walijibiwa, na polisi aliyetokwa na kifungo akajibiwa. Bi mmoja, Bashira, alikuja na buibui lililonaswa na msumari, akalia barazani mpaka alasiri kwa mambo ya nyumbani kwake; naye alitajwa, na mwezi mzima alipita kila asubuhi kuuliza, "Umenitaja?" Marehemu hakumwambia mtu hata mmoja abadili dini yake. Aliwaambia anamwamini nani, na kwamba amewataja kwake.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979 na Benedikto Lubuva, seremala wa milango. Hawakujaaliwa mtoto. Bwana Lubuva alifariki mwaka 2004. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alizoea kusema kuwa nyumbani mwao Bi Kurwa husema kwa zamu mbili, yake na ya mumewe.

Mwaka 2017 alifika barazani Hamid, kijana wa Tumbatu anayeuza viatu vya mitumba hapa mjini, shati limechanika begani na shavu limevimba. Bi Thuwaiba, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwepo, na anayakumbuka mazungumzo yao.

"Shikamoo, Bi Kurwa. Na wewe jina lako la kanisani nani?"

"Marahaba. Apolonia."

"Makubwa! Ndiye nani huyo?"

"Mwanamke aliyevunjwa meno yote asimkane Mungu wake. Sisi wenye meno mabovu tunamwomba atuombee."

"Basi mwambie mwenzio anitolee hili moja. Mengine aniachie, nna harusi ya kula Jumamosi."

"Nitamwambia. Lakini na wewe nenda kwa daktari. Apolonia hana koleo."

Hamid alicheka mpaka akashika shavu. Tangu siku hiyo hakupita Sokomuhogo bila kusimama. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkewe, Muzdalifa, alilazwa kwa mimba yenye shida. Hamid alikuja kumwambia marehemu, naye akamtaja Muzdalifa kila alfajiri. Hamid, bila kumwambia mtu, akaweka nadhiri: mkewe akijifungua salama, atawapelekea chakula watu wanaosali na Bi Kurwa. Muzdalifa alijifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Ijumaa tarehe 22 Machi 2019, alasiri, jumuiya ndogo ya marehemu, Wakatoliki wa mtaani wanaosali pamoja, ilikuwa imemaliza Njia ya Msalaba nyumbani kwa Mwalimu Zakaria, ambaye ndiye mwenyekiti wake mpaka leo. Hamid akapiga hodi. Alikuwa na kanzu yake ya Ijumaa na sinia la biriani ya mbuzi kichwani.

"Nimekuja kuondoa nadhiri yangu," alisema. "Kuleni, wazee wangu. Mwombeeni mtoto."

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama. Hamid hakulijua hilo, na nyumba nzima ilimtazama bila mtu kumweleza. Alisimama mlangoni na sinia lake, hakuna aliyempokea. Marehemu akainuka, akanawa, akamega tonge moja na kulila.

"Mungu aipokee nadhiri yako, mwanangu," alimwambia. "Wenzangu leo wamefunga nyama. Kilichobaki twende tukawape watoto wa mtaani, nao watamwombea mwanao."

Hamid alipoondoka, Zakaria alifunga mlango.

"Dada, umekula nyama Ijumaa ya Kwaresima, nyumbani kwangu, mbele ya jumuiya!"

"Nimekula shukrani ya mtu, Zakaria."

"Na kesho ikisemwa tunawageuza watu dini, nani atasimama kujibu? Wewe na cherehani lako?"

"Nimeulizwa, nimejibu. Nimemgeuza nani?"

"Hayo majibu ndiyo yatakayotuponza."

Alitakiwa aombe radhi mbele ya jumuiya na aahidi kutosema tena habari za dini barazani. Lile tonge alikwenda kuliungama kesho yake na akatimiza malipizi aliyopewa. Ahadi ya kunyamaza hakuitoa. Alisema hawezi kumwahidi mwanadamu kwamba ataacha kujibu salamu.

Kila mmoja wetu anajua jinsi jumuiya zinavyosali: wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na mwenyekiti ndiye anayetangaza zamu. Tangu mwezi ule hakuna aliyemtangazia marehemu nyumba. Jumamosi za mwanzo alitoka na rozari yake akapita mtaa baada ya mtaa, akitega sikio asikie nyimbo zinatoka wapi. Mara moja alizisikia, akabisha hodi, nyimbo zikakatika. Hakubisha tena. Mtu asije akaandika kuwa aliacha jumuiya. Jumuiya ndiyo iliyohama bila kumwambia. Misa ya alfajiri hakuikosa. Alikaa benchi la mwisho na kuwataja wageni wake.

Agosti mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya ini. Hakuweza tena kukanyaga cherehani, wala kutembea mpaka kanisani. Aliyempikia uji, kumfulia na kumgeuza kitandani ni Bi Thuwaiba. Mwezi wa Novemba marehemu aliomba aletewe Komunyo. Majina ya wagonjwa hupelekwa parokiani na wenyeviti wa jumuiya, kwa hiyo Bi Thuwaiba alijitanda kanga yake akaenda kwa Mwalimu Zakaria.

"Dada yako anataka chakula chake cha kanisani," alimwambia.

"Anajua la kufanya. Aje jumuiya aombe radhi, jina lake nitalipeleka."

"Aje na miguu ya nani, mwalimu?"

Bi Thuwaiba alirudi peke yake. Alimwambia marehemu kwamba mwalimu hakuwepo nyumbani. Marehemu akamjibu, "Huyo nimemlea mimi, Thuwaiba. Alikuwepo." Komunyo haikuja. Noeli ikapita, mwaka mpya ukapita. Kila alfajiri kengele ikilia, alimwomba Bi Thuwaiba amwinue na kumwegemeza ukutani, na hapo kitandani akasema majina yake: Bashira, Hamid, Muzdalifa na mwanawe, polisi wa kifungo, na wengine ambao hakuwajua majina akawataja kwa nguo zao.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025 alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Bi Thuwaiba ndiye aliyemfumba macho, na ndiye aliyempelekea Zakaria habari.

Asubuhi hiyo paroko, ambaye ni mgeni kwetu na hakumjua marehemu, alimuuliza mwenyekiti swali analoulizwa kila mwenyekiti afapo muumini: alikuwa akisali jumuiya? Mwalimu Zakaria akajibu, "Hapana." Hakuongeza neno. Ni kwa neno hilo moja kwamba hakuna misa leo, na kwamba katekista ametumwa kwa sala fupi tu. Neno hilo ni la kweli kama vile ni kweli kusema mtu hakula, ukamficha anayeuliza kwamba ni wewe uliyelifunga jiko.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, Mwalimu Zakaria Mihambo, wifi yake, na mtoto wa huyo mdogo wake, Stefania, anayesoma maneno haya. Ameacha pia Bi Thuwaiba, Hamid, Muzdalifa na binti yao, na hawa wote waliosimama nyuma ya ukuta huu kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kuingia. Waingie. Wengi wao ukoo hauwajui. Yeye aliwajua.

Jina la Apolonia Kurwa Mihambo halikutajwa leo madhabahuni. Kwa hiyo ukoo unamwomba kila aliyewahi kuambiwa "nitakutaja" amtaje yeye, kwa sala anayoijua, hapa au nyumbani au msikitini. Amani aliyonyimwa mtaani kwake aikute huko aendako.

Bi Thuwaiba anashuhudia jambo moja la mwisho. Katika yale majina ya alfajiri, hata asubuhi aliyokufa, jina la kwanza halikubadilika. Lilikuwa la Zakaria. Kaburi bado li wazi. Wa kwanza kumtaja awe yeye.