Kigingi Anaweka Darubini Chini

Tarehe 30 Juni, siku moja kabla ya msimu mpya wa uwindaji kufunguliwa, mwangalizi wetu mkuu wa wanyama anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika kambi hii. Kwenye faili lake ofisini ana majina matatu kamili. Kambini tunamwita Kigingi, na hata barua ya kumwalika kwenye sherehe yake mwenyewe imeandikwa "Ndugu Kigingi".

Kwa wasomaji wetu wapya: mwangalizi ndiye anayemtazama mnyama kwa darubini kabla mtu hajainua bunduki. Kibali chetu kinaruhusu madume wazee tu. Kwa nyati kazi hiyo ni ngumu, maana jike naye ana pembe. Tofauti iko kwenye paji la uso, ambapo pembe za dume mzee hukutana na kuwa kitu kigumu kama kofia ya mjenzi. Ukiwa mbali, darubini ikicheza kidogo tu, utaiona kofia hiyo hata mahali ambapo haipo.

Aliajiriwa kupiga mahema. Msimu wake wa pili mwangalizi wa wakati huo aliugua, na kijana huyo wa mahema akapewa darubini kwa sababu moja tu: ndiye aliyekuwa akiona vumbi la gari la wageni kabla ya mtu mwingine yeyote. Wiki ya tatu akakosea. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, injini inanguruma, darubini kaishika kwa ncha za vidole, moyo unamwenda mbio kwa furaha. Akasema dume. Mgeni akapiga. Walipofika kumtazama, alikuwa jike.

Mwindaji kiongozi wa enzi hizo alikuwa tayari kulibeba kosa hilo mwenyewe, lakini Kigingi akamtangulia. Alikwenda kwa miguu yake hadi kwa askari wa wanyamapori, akasema neno lilikuwa lake. Kambi ikapewa barua ya onyo, ambayo hadi leo imebandikwa ukutani ofisini, na haina tarehe ya kuisha: akipigwa jike wa pili, kambi inafungwa. Yeye akarudishwa kwenye mahema.

Ndipo alipojipeleka shule. Kila mchana, wenzake wakilala, alikaa nyuma ya stoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaribu kusoma maandishi ya tangi la maji lililoko ng'ambo ya kambi, kwa darubini kuukuu iliyopasuka kioo kimoja. Aligundua kwamba anayetikisa picha si upepo. Ni pumzi, ni moyo, ni kiwiko kinachoning'inia hewani. Mpishi wetu, ambaye utani kwake ni kama chumvi, alimtundikia taulo bichi la jikoni begani akitegemea atashtuka. Hakushtuka. Taulo likakaa pale mpaka likakauka, na tangu siku hiyo jina likawa Kigingi.

Msimu uliofuata alirudishiwa darubini, akaja na masharti yake. Kaa chini, viwiko juu ya magoti. Shika na ukingo wa kofia pamoja na darubini, ili kichwa na mikono viwe kitu kimoja. Ukipata fimbo, egemeza. Ukikosa fimbo, mfuko wa unga unafaa. Tazama pumzi ikiwa imetoka, kabla nyingine haijaingia. La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote: gari lizimwe. Akigonga bodi mara mbili, dereva azime, asiulize.

Hapo ndipo mimi, dereva wa gari namba mbili, nilipokosana naye. Starta yangu ilikufa na haikupata mrithi kwa misimu mitatu, kwa hiyo kila gari likizimwa ilibidi lisukumwe. Kigingi hakujali. Aligonga, nikazima, tukasukuma, wageni na mabegi yao. Daktari mmoja wa mifupa alisukuma mara saba kwa siku moja, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba alikuja kuwinda akaishia kuwa utingo. Nilinuna sana miaka ile, na leo naungama mbele ya kambi nzima kwamba nilikuwa na makosa.

Tangu arudishiwe darubini ni misimu ishirini na tisa, na hakuna jike hata mmoja aliyepigwa kwa neno lake. Amefundisha waangalizi sita, wa mwisho akiwa dada yetu aliyekuwa akifanya kazi stoo, ambaye anamrithi kuanzia msimu huu. Asidhani mtu kwamba macho hayo yanafanya kazi kila mahali. Mke wake ametuapia kwamba mume wake huona pembe ng'ambo ya bonde, lakini viatu vyake chini ya kitanda hajawahi kuviona tangu wafunge ndoa.

Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mpishi ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu Kigingi alianza kuomba chai nusu kikombe. Yeye mwenyewe alikwenda kwa meneja, ambaye ni binti wa yule mwindaji kiongozi wa enzi zile, akamwambia mkono umeanza kumsaliti na kwamba hataki kuwa mtu wa barua ya pili. Alitegemea kurudishwa kwenye mahema. Meneja akamjibu kwamba marehemu baba yake hakuwahi kuuamini mkono wa Kigingi. Aliamini kwamba Kigingi hasemi asichokiona. Kigingi akaendelea na kazi, lakini tuliomjua tuliona hofu. Usingizi wake ukawa mwepesi, na kabla ya kila safari alikagua fimbo zake mara tatu.

Ilifika siku ya mwisho ya msimu uliopita. Mgeni wetu alikuwa na kibali cha nyati mmoja na saa chache zimebaki. Nyati akaonekana kwenye majani marefu, kichwa na mgongo tu. Mwindaji kiongozi wa sasa, kijana hodari mwenye haraka zake, alimtazama akiwa amesimama, akasema dume mzee. Bunduki ikawekwa kwenye mhimili, ile miti mitatu ya kuiegemeza. Nikasikia bodi linagongwa mara mbili.

Nilizima. Kigingi akashuka, akajaribu fimbo, ikacheza. Akajaribu mfuko wa unga, mkono ukautikisa na mfuko. Mgeni alianza kutazama saa. Kisha Kigingi akaniita, akaniketisha chini mbele yake, akaweka darubini begani kwangu na kidevu chake nyuma yake. Akaniamuru nisipumue, halafu akasahau kuniruhusu kupumua tena. Nilikuwa naona nyota mchana kweupe niliposikia sauti yake sikioni: "Jike huyo. Subirini."

Mwindaji kiongozi alibisha. Jua lilikuwa linashuka, na mgeni alisema alichosema, ambacho hatutakiandika humu. Kigingi alikaa pale na mkono wake unaotetemeka ameubana chini ya kwapa, na mimi, niliyekuwa karibu naye kuliko wote, nilijua anajiuliza kama mkono umemdanganya. Tulisubiri dakika arobaini. Kisha majani yakatikisika, ndama akatokea, akaingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake akaanza kunyonya.

Bunduki ikashushwa. Mwindaji kiongozi akavua kofia, akaenda kumpa mkono mzee wake, na Kigingi akampa uleule wa kulia, bila kuuficha. Mgeni aliondoka bila nyati. Watu ishirini na sita wa kambi hii tulirudi kazini kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo kazi yake ilivyokuwa miaka yote: ikifanyika sawasawa, hakuna kinachotokea.

Kaka yetu Kigingi, ahsante. Ahsante kwa barua ya pili ambayo haikuandikwa. Darubini yako, ile ambayo shemeji ameshona mkanda wake mara tatu, meneja ameagiza uende nayo nyumbani. Tunakuombea afya, usingizi mzito na chai ya kikombe kizima, mezani kwako, pasipo mtu wa kuhesabu matone.

Jumamosi nitakupeleka kwenu kwa gari namba mbili. Starta ni mpya, lakini hata ingekuwa ile iliyokufa, ukigonga mara mbili nitazima. Bega nalo lipo, ila safari hii nitapumua.